Kila Kiungo ni Mtuhumiwa

Siku niliyoripoti kazini kwa mara ya kwanza, katika ofisi ya umeme mjini Sumbawanga, sikupewa ngazi wala bisibisi. Mkuu wa Ukaguzi, mtu mrefu ambaye hakuvua koti lake zito hata ndani ya ofisi kwa sababu ya baridi ya nyanda hizi, aliniwekea mezani kipande cha waya chenye kiungo katikati. Kiungo kilikuwa kimevingirishwa tepu nyeusi kwa unadhifu mkubwa, bila mkunjo hata mmoja.

"Kijana, hiki ni kizuri?"

"Kinaonekana kizuri, Mkuu."

"Sikukuuliza kinavyoonekana."

Alichukua kisu, akaichana ile tepu. Ndani yake nyaya mbili za shaba zilikuwa zimekunjwa ncha tu na kupachikana, mfano wa watu wawili wanaoshikana kwa vidole vya mwisho. Alizivuta kidogo, zikaachana.

"Kila kiungo ni mtuhumiwa," alisema, "mpaka ukifungue. Na fundi aliyekifunga ni shahidi asiyeaminika, hata kama fundi huyo ni wewe. Sasa kaniletee chai."

Nilikuwa nimetoka Mbeya, mtoto wa karani wa serikali, nimelelewa katika nyumba iliyoamini neno la mtu mpaka lithibitike kuwa uongo. Nilimwona yule bwana kuwa mtu wa roho mbaya. Leo, baada ya kustaafu kwa hiari kabla umri haujanilazimisha, nakiri kwamba hakuna mwalimu aliyenifaa kuliko yeye, na ninyi vijana mnaojifunza ufundi kwa kutazama simu mngefaidika sana kama mngempata mtu wa namna ile wa kuwachania tepu zenu.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, kwa maana wengi huidhani ni ya kusokota na kufunga. Mtu akitaka kurefusha waya nyumbani, jambo la kwanza ni kuzima swichi kubwa, si swichi ya taa. Swichi ya taa huzima taa. Haikuhakikishii kwamba waya umekufa, hasa katika nyumba ambazo aliyefunga alibadilisha waya wa moto na ule wa kurudishia. Kisha testa, ile bisibisi ndogo yenye kitaa ndani yake, hujaribiwa mahali penye umeme unaojulikana kabla ya kuaminiwa mahali pasipojulikana. Testa iliyoharibika na waya uliokufa hukupa jibu lile lile, nao ndio uongo uliowazika mafundi wengi.

Ganda la waya huvuliwa bila kuijeruhi shaba. Shaba iliyochongwa na kisu imepungua, na palipopungua ndipo patakapopata joto. Waya huungwa na waya wa unene ule ule: wa milimita moja na nusu ni wa taa, wa mbili na nusu ni wa soketi, na hita au jiko hustahili njia yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku kikuu. Waya wa ardhi, ule wa kijani na njano ambao mafundi huuita ethi, nao huungwa. Anayeukata kwa kuuona hauna kazi amemwondoa mlinzi mlangoni. Ncha hukazwa ndani ya kiunganishi cha skrubu, kiunganishi hukaa ndani ya jointi boksi lenye kifuniko, na boksi hukaa mahali ambapo mtu anaweza kulifikia na kulifungua. Usikizike kiungo ndani ya lipu. Usikifunike kwa mkeka wala kwa gunia. Kiungo kinachofichwa kina sababu ya kufichwa.

Na msijidanganye na sakiti breka. Hicho kifaa hukata umeme nyaya zinapogusana au mzigo unapozidi kipimo. Kiungo kilicholegea, kinachochemka taratibu juu ya dari, kifaa hicho hakikijui kabisa. Kiungo kitakaa pale kikipika mbao jioni baada ya jioni, nacho kisanduku chako kikuu kitaonyesha kwamba mambo yote ni salama.

Baada ya miaka ya mwanzo mjini, Msimamizi wa Mafundi alinihamishia Muze, chini ya mteremko, upande wa Ziwa Rukwa. Huko baridi niliyoizoea ilikoma kana kwamba mtu amefunga mlango. Tepu za bei rahisi ziliyeyuka gundi na kujivua zenyewe. Nilipanga chumba jirani na wafanyabiashara wa asali, watu wakarimu lakini wenye kazi ya fujo: walichemsha masega katika masufuria makubwa wakikamua nta, na harufu yake iliingia katika nguo zangu, katika wali wangu, mpaka katika mto niliolalia. Niliilalamikia sana harufu ile. Sikujua kwamba nilikuwa nasomeshwa.

Kutoka Muze nilirudishwa juu kwa cheo cha ukaguzi, nikahudumia Kasense na kata za jirani. Kazi ya mkaguzi haimpatii mtu marafiki. Ukipitisha nyumba, husemwa umelishwa. Ukiikataa, husemwa unataka kulishwa. Mimi nami niliwashuku wote: mwenye nyumba aliyenikaribisha kwa tabasamu pana, fundi aliyeongea mfululizo nikiwa juu ya ngazi, mama aliyesogeza kabati palepale nilipotaka kutazama. Mara nyingi shaka yangu ilikuwa ya haki. Pale ilipokuwa si ya haki, hakuna aliyeungua kwa sababu yangu.

Nyumba ninayotaka kuwasimulia ilikuwa Malangali. Mwenye mji alikuwa Bibi Apolonia, mjane mzee ambaye miguu ilikuwa imemgomea, asiyetoka tena chumbani ila kwa kubebwa. Mwanawe mkubwa, Kastori, muuza asali na nta sokoni, aliomba ofisini aongezewe umeme kwa ajili ya duka alilojenga uani. Kanuni ilitaka nyumba ya zamani ikaguliwe kabla duka halijapewa chochote. Nilifika jioni moja ya Julai, wakati upepo wa hapa hukata masikio, nikakuta uani viatu vingi kuliko nilivyotarajia. Wanajumuiya wa kanisa Katoliki walikuwa wamekusanyika kwa sala ya wiki.

Kastori alinipokea kwa haraka. "Karibu, Mkaguzi. Duka ni hili hapa. Nyumba haina tatizo, ni ya siku nyingi."

"Ya siku nyingi ndiyo ninayotaka kuiona."

Nilipoingia chumbani kwa mama yake, jambo la kwanza lilikuwa harufu. Ilikuwa harufu ya mishumaa ya altareni, tamu na nzito. Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka na vigoda, rozari mikononi. Hita ya koili ilikuwa inawaka nyekundu pembeni. Na Bibi Apolonia ameegemea mito kitandani, macho yake makali kama ya mtu anayekaribia kucheka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye joto."

Nikauliza, "Nani amezima mshumaa?"

Wakatazamana. Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Redempta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alinijibu kwa fahari: "Hakuna mshumaa, Bwana Mkaguzi. Hiyo ndiyo harufu yenyewe. Inashuka tukisali. Tangu Juni. Watu wanatoka mpaka Kasense kuja kusali humu."

Alinyoosha kidole darini. Katika mbao nyembamba za dari, juu kidogo ya kichwa cha kitanda, palikuwa na doa la rangi ya chai. Wapo walioliona kuwa na umbo la kalisi, kile kikombe cha misa. Mimi niliona mafuta.

Naomba msinielewe vibaya. Mimi si Mkatoliki, lakini nimesoma vya kutosha kujua kwamba imani ya watu haiguswi kwa mikono michafu. Nilisimama pale nikiwa na hakika ya pua yangu, kwa sababu Muze ilikuwa bado imo ndani yake, na nikiwa sina ruhusa ya kusema. Nikaanza kuuliza maswali, kama nilivyofundishwa.

"Harufu huja saa zipi?"

"Jioni, tukianza sala," akasema Mama Redempta.

"Na hita huwashwa saa zipi?"

"Tukianza sala. Ulitaka watu wasali huku wanatetemeka?"

Wakacheka. Niliwaacha wamalize.

"Na siku umeme ukikatika?"

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akakohoa. "Siku hizo haiji," alisema. "Nadhani hata watakatifu wana siku ya kupumzika."

"Kaa kimya, Mzee Feliksi," Mama Redempta akamkemea. Kisha akanigeukia. "Naona ninakoelekezwa. Umetumwa kukagua nyaya au kukagua rozari?"

"Nyaya, Mama. Naomba kuifungua dari."

Hapo ndipo Kastori, ambaye tangu niingie alikuwa amesimama karibu na ukuta bila kusema, alipopata sauti. "Dari hiyo haifunguliwi. Tunamsubiri Paroko aione kwanza. Na huko juu kuna mahindi ya mbegu, yatamwagika."

"Mahindi yako juu ya kitanda?"

"Yako darini kote. Ndivyo tunavyoyahifadhi. Wewe mtu wa Mbeya hujui?"

Nilijua vizuri sana. Mbegu huchaguliwa katika masuke bora, huachwa na maganda yake, huwekwa juu ambako ni pakavu. Hakuna kitu kinachoshika moto kwa furaha kama ganda la hindi lililokauka, na chini yake alilala mwanamke asiyeweza kutembea.

Kastori alinishika mkono, akanivuta mpaka koridoni. "Mkaguzi," alisema kwa sauti ya chini, "sema unachotaka. Tuongee kiume, uende zako."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo katika nyumba nyingi, nami kwa kawaida huyajibu kwa ukali. Safari hii nilimtazama usoni nikashuku jambo jingine. Mtu anayetoa rushwa huwa na haraka au huwa na dharau. Huyu alikuwa na hofu.

"Ninachotaka," nilimwambia, "ni kujua mama yako anapata umeme wa hita kutoka wapi. Chumba hiki kiliongezwa baadaye, lipu yake inaonyesha. Na soketi ile haikufungwa na mtu aliyefunga zile nyingine."

Nilirudi chumbani, nikapita katikati ya mikeka mpaka kitandani, kwa sababu nyumba ilikuwa ya mama na si ya mwana.

"Mama, naomba ruhusa yako. Nataka kuzima umeme wote, kisha nipande darini kwako."

Minong'ono ikazuka. Mtu akasema nataka wasali gizani. Bibi Apolonia hakunitazama mimi. Alimtazama mwanawe aliyekuwa amerudi kusimama mlangoni.

"Kastori, kwa nini unasimama hapo kama mtu anayelinda ghala?" Akasema jambo jingine kwa Kifipa, taratibu, na mwanawe akainamisha kichwa. Kisha, kwa Kiswahili, ili sote tusikie: "Mwacheni apande. Redempta, watoe watu uani. Na mimi nitoeni."

Wakambeba na blanketi lake. Niliijaribu testa kwanza penye umeme, nikazima swichi kubwa, nikahakikisha soketi imekufa, kisha nikapanda na tochi. Nilisogeza suke moja moja kufuata waya. Ulitoka kwenye taa ya sebuleni, mwembamba, wa milimita moja na nusu, na juu ya doa lile ukakutana na waya mnene ulioshuka kwenye soketi ya hita. Hapakuwa na kiunganishi wala boksi. Ncha zilikuwa zimekunjwa na kupachikana, kwa vidole vya mwisho, kama siku yangu ya kwanza kazini. Na pande zote palikuwa na mabaki ya bonge la nta lililowahi kuwa kubwa kama ngumi. Upande wa chini lilikuwa limeyeyuka lote. Shaba ilikuwa wazi, imebadilika rangi kuwa ya samawati. Ganda la hindi lililokuwa limegusana nayo lilikuwa la kahawia, limekauka kupita kukauka, nilipolishika likavunjika kama biskuti.

Nilielewa kila kitu. Kule Muze hakuna mtu ambaye angefunika kiungo kwa nta, maana kabla ya adhuhuri ingekuwa imetiririka. Ni huku juu tu, ambako nta ya Julai huwa ngumu kama jiwe, mtu mwenye akili timamu angeweza kuishika mkononi na kusema: hii haipitishi maji, hii haitaachia.

Sikuhutubia mtu. Nilishuka na lile ganda, nikatoka nalo uani, nikaliweka katika kiganja cha Bibi Apolonia. Alilisugua, likawa unga.

"Lilikuwa wapi?"

"Juu ya kichwa chako, Mama."

Kastori alipiga magoti mbele ya mama yake pale pale, mbele ya jumuiya yote.

"Ni mimi, Mama. Tepu ilikakamaa kwa baridi, haikushika. Nikaona nta ni bora. Nilitaka upate joto kabla Juni haijaanza kukuuma."

"Na harufu ilipoanza?"

"Siku za kwanza sikujua. Baadaye nikajua. Lakini nilikukuta unacheka na watu, chumba kimejaa, na hujacheka tangu Baba atutoke. Nikasema nitatengeneza kesho. Kila siku nikasema kesho."

Mama Redempta alikuwa ameshika rozari yake bila kuisogeza. "Bibi," alisema, na sauti yake ya kwaya ilikuwa imempungukia, "kumbe tumedanganywa?"

Bibi Apolonia akafuta unga wa ganda kwenye blanketi. "Wewe labda. Mimi nimeishi na mrina asali tangu nikiwa msichana. Mshumaa ukizimwa hunuka utambi. Ile haikuwa na utambi hata kidogo. Tangu jioni ya kwanza nilijua kwamba mahali fulani nta inayeyuka."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Redempta. Nilipoacha kuweza kutembea kuja kanisani, ulikuja kuniona mara ngapi kabla ya harufu?"

Upepo ulikuwa unapiga bati, na sote tulisimama pale tukitazama viatu vyetu.

"Na usiseme mmesali bure," akaongeza Bibi Apolonia. "Mmekaa chini ya kitu hicho tangu Juni, na wote mko hapa. Mnataka nini zaidi?"

Usiku ule alilala sebuleni, mbali na dari ile, na nyumba ikalala bila umeme. Nilimnyima Kastori umeme wa duka lake mpaka nyumba ifungwe upya. Fundi mwenye leseni alivuta waya mpya wa hita moja kwa moja kutoka kisanduku kikuu, wenye ethi yake na breka yake, na palipohitaji kiungo pakawekwa boksi lenye kifuniko, mahali ambapo hata mimi niliweza kulifikia bila ngazi. Mahindi ya mbegu yalihamishiwa ghalani. Nilifungua kila kifuniko mwenyewe. Nilivuta kila waya.

Ripoti yangu kwa Mkuu wa Ukaguzi wa wakati ule, kijana kuliko mimi, ilikuwa fupi. Aliniuliza, "Umeridhika?"

"Kuhusu nyaya, ndiyo."

"Kuna nini kingine?"

Sikujua namna ya kumweleza. Kilichonisumbua kilikuwa kwamba nimeiondoa hatari na pamoja nayo nimeondoa kilichokuwa kinawaleta watu. Mwana alificha kiungo kwa ajili ya kicheko cha mama. Mama alificha anachokijua kwa ajili ya sauti za watu chumbani. Nilikuwa nimefundishwa kushuku vinavyofichwa. Sikuwa nimefundishwa cha kufanya pale ninapokuta kilichofichwa ni upweke.

Jioni ya sala iliyofuata nilikwenda Malangali, nikijiambia kwamba naenda kupima joto la soketi. Hita ilikuwa inawaka, na hewa ya chumba haikunuka kitu. Mzee Feliksi alikuwepo. Mama Redempta aliingia, akasimama, akavuta pumzi kwa mazoea, kisha akaniona ninamtazama.

"Unanikagua na mimi?"

"Naona umekuja."

"Nimekuja. Sogea, umekalia mkeka wangu."

Walikuwa wachache kuliko zamani. Wale wa Kasense hawakurudi, nami siwasifu. Lakini mikeka haikubaki mitupu.

Siku yangu ya mwisho kazini wakubwa walinisifu kwa maneno ambayo husemwa juu ya kila anayeondoka, nami sikuyaamini sana. Sasa sina mamlaka ya kufungua dari ya mtu. Vijana wa mtaani kwangu huniamkia vizuri, "Shikamoo, Mzee," kisha hunionyesha nyaya walizounga kwa mate na matumaini. "Iko poa, Mzee, nimeipiga tepu." Nawaambia waichane. Wengine huichana, wengine hunicheka wakiondoka. Ninachowaomba ni kwamba, kabla hujakifunika kiungo chochote, ufikirie ni nani atalala chini yake.

Bibi Apolonia bado yu hai, na kila wiki mimi huenda kwake. Naweka mgongo wa mkono ukutani juu ya soketi, nanusa hewa, natazama dari, kisha nakaa. Yeye huningoja nimalize, macho yake yale yale.

"Mkaguzi, bado una shaka na nyumba yangu?"

"Ninayo, Mama," humjibu. "Ndiyo maana nimekuja."